Alhamisi Inauzwa Shilingi Ngapi?

Karani wa stoo pale Kariakoo, mshahara shilingi 600,000 kwa mwezi, akitaka kuacha kwenda kazini kila Alhamisi, siku hiyo itamgharimu kama shilingi 75,000 kwa mwezi. Haitamgharimu 120,000, ingawa hiyo ndiyo moja ya tano ya mshahara wake na ndiyo hesabu ambayo karibu kila mtu angeipiga kichwani. Zile 45,000 za tofauti zimekaa kwenye makato, kwenye nauli na kwenye sahani ya mchana. Anayesema "nikipunguza kazi nitakula nini?" ana haki ya kuuliza, ila mara nyingi anauliza akiwa na tarakimu isiyo yake.

Karani huyu ni wa mfano, na bei nitakazomwekea za chumba, nauli na chakula ni za kukadiria. Msomaji anaweza kufuta zangu akaandika zake. Makato yake, hata hivyo, ni ya sheria. Katika 600,000, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 60,000. Zinabaki 540,000 za kukatwa PAYE: 270,000 za kwanza hazikatwi kitu, kuanzia hapo hadi 520,000 zinakatwa asilimia 8, na 20,000 za juu zinakatwa asilimia 20. Jumla ya PAYE ni 24,000. Mkononi anapokea 516,000.

Sasa mlipe kwa siku nne badala ya tano. Mshahara unakuwa 480,000, NSSF 48,000, PAYE 12,960, na mkononi zinafika 419,040. Amepoteza 96,960 tu, si 120,000. Kwa nini? Kwa sababu shilingi alizoziachia ndizo zilizokuwa zinakatwa zaidi. Tusijidanganye lakini: katika hiyo nafuu, 12,000 ni mchango wake wa NSSF, ambao ni akiba ya uzeeni, na mwajiri naye atakuwa amepunguza mchango wake kwa kiasi hicho hicho. Alhamisi ya leo inakula kidogo kwenye pensheni ya kesho.

Karani wetu anaishi Kivule. Kwenda kazini anapanda magari mawili na kurudi mawili, tuseme 3,000 kwa siku. Mchana anakula kwa mama ntilie, na chakula hicho kinamzidishia kama 2,000 juu ya ambacho angetumia angekuwa nyumbani. Kwa hiyo kila siku ya kazi inamtoa 5,000 kabla hajafanya lolote. Alhamisi za mwezi ni wastani wa 4.4, ukihesabu siku 22 za kazi. Asipokwenda, 22,000 zinabaki mfukoni. Toa hizo kwenye 96,960, unapata 74,960. Ndiyo bei ya Alhamisi.

Na ananunua nini kwa bei hiyo? Si saa tisa za mkataba tu. Ananunua na saa moja ya mapumziko ambayo halipwi, na saa tatu za foleni kwenda na kurudi. Saa 13 mara 4.4 ni saa 57 kwa mwezi. Kila saa anainunua kwa 1,310 hivi.

Hapo ndipo inapofaa kujua kazi inamlipa kiasi gani hasa kwa saa. Kwa karatasi ya mkataba, 600,000 gawanya kwa saa 198 ni shilingi 3,030. Lakini anachobaki nacho baada ya makato, nauli na chakula ni 406,000, na muda ambao kazi imeuchukua, kuanzia anapofunga mlango asubuhi hadi anapoufungua jioni, ni saa 286. Gawanya: shilingi 1,420. Saa yake halisi haifikii hata nusu ya ile ya kwenye mkataba. Hesabu ya namna hii ilipata umaarufu Marekani mwaka 1992 kupitia kitabu cha Joe Dominguez na Vicki Robin kiitwacho Your Money or Your Life. Waandishi hao walisisitiza kwamba ukishaijua saa yako halisi, bei zote uzisome kwa saa. Tumfanyie hivyo karani. Viatu vya 30,000 ni saa 21. Kadi ya mchango wa harusi ya 50,000 ni saa 35, na wanakamati wanaokupigia simu mara tatu kwa siku hawalijui hilo, wala si kazi yao kulijua. Mkopo wa kausha damu wa 200,000 unaorudishwa 260,000 ni saa 42 za riba peke yake.

Soda ya 700 ni nusu saa. Ukiinywa kila siku ya kazi, kwa mwezi ni 15,400, moja ya tano ya Alhamisi. Sidharau kiasi hicho. Ila washauri wengi wa maisha ya kubana matumizi huanzia kwenye soda na kuishia kwenye soda, na hapo naona wanapoteza watu. Soda ni uamuzi unaoufanya mara 22 kwa mwezi, na mara zote 22 una kiu. Chumba unakiamua mara moja.

Chumba cha Kivule analipa 50,000. Tuseme Ilala, mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi kazini, chumba kama hicho ni 100,000. Kwa macho ya haraka Kivule ndiko kwenye unafuu. Lakini nauli ya 66,000 kwa mwezi inafutika yote, anaongeza 50,000 za kodi, anabaki na 16,000 za ziada, na muda wa njiani unashuka kutoka saa tatu hadi moja kwa siku. Hizo ni saa 44 kwa mwezi, karibu siku tano za kazi kwa saa za mkataba, amezipata bila kumwomba bosi ruhusa na bila kukatwa senti. Saa yake halisi inapanda hadi 1,744 hata baada ya kuondoa nyongeza ya kodi. Chumba cha bei rahisi kilikuwa kinamtoza kwa saa.

Kama ni rahisi hivyo, mbona hahami? Kwa sababu mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo, 600,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 100,000. Kirikuu cha kubeba kitanda na vyombo, tuseme 50,000. Jumla 750,000 kwa siku moja, kwa mtu anayepokea 516,000. Kati ya hizo, zinazopotea kabisa ni 150,000 za dalali na kirikuu, na zile 16,000 za kila mwezi zinazirudisha ndani ya miezi tisa na nusu hivi. Kizuizi ni kuzikusanya kwa pamoja, na kwa hilo mchezo wa watu kumi unafanya kazi ambayo benki haijawahi kumfanyia karani wa Kivule.

*

Mtu aliyeandika hesabu maarufu kuliko zote za jambo hili aliishi kando ya bwawa, karibu na mji mdogo wa Concord, Massachusetts. Henry David Thoreau alihamia Walden tarehe 4 Julai 1845, siku chache kabla ya kutimiza miaka 28, akakaa hadi Septemba 1847. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1854 watu wengi wanakikumbuka kwa miti na ndege. Sura yake ya kwanza, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, ina orodha za matumizi hadi nusu senti.

Nyumba yake, futi 10 kwa 15, ilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Mbao, ambazo nyingi alizipata kwa kununua kibanda cha kibarua wa reli kutoka Ireland kwa dola 4.25 na kukibomoa, ziliingia kwenye orodha kwa dola 8 na ushei. Matofali ya zamani 1,000 yalikuwa dola 4. Madirisha mawili yaliyokwishatumika, dola 2.43. Misumari ilifika dola 3.90, na aliyewahi kujenga atatabasamu hapo, kwa kuwa misumari haijawahi kutosha tangu enzi hizo. Chaki, senti moja. Ufundi hakulipa, alijenga mwenyewe, akianza kwa shoka la kuazima.

Kisha anatoa tarakimu ambayo kwangu ndiyo moyo wa kitabu kizima. Mwanafunzi wa chuo cha Cambridge, anasema, analipa dola 30 kwa mwaka kwa chumba kinachozidi cha kwake kidogo tu. Yaani nyumba nzima ya milele ilikuwa na bei chini ya kodi ya mwaka mmoja. Na nyumba ya kawaida ya majirani zake aliikadiria dola 800. Kibarua alilipwa dola moja kwa siku, hivyo kuifikia nyumba hiyo kulimchukua miaka 10 hadi 15, hata akiwa hana familia ya kulisha. Miaka yote hiyo inaishia kwenye ukuta na paa.

Nauli nayo aliipigia hesabu kama tulivyomfanyia karani. Fitchburg iko maili 30, kama kilomita 48, na treni ilikuwa senti 90, karibu ujira wa kutwa. Thoreau akasema yeye akiondoka kwa miguu sasa hivi anafika kabla ya usiku. Rafiki yake itabidi kwanza afanye kazi siku nzima kutafuta nauli, kisha ndipo apande. Treni iko mbio, ila inaanza safari siku moja nyuma.

Matumizi mengine aliyaorodhesha hivi: chakula kwa miezi minane dola 8.74, nguo na vikorokoro kwa muda huo dola 8 na senti 40 na robo tatu, mafuta ya taa na vyombo dola 2, shamba kwa mwaka dola 14 na senti 72 na nusu. Pamoja na nyumba ni dola 61 na senti 99 na robo tatu. Mapato: mazao, hasa maharage aliyoyalima kwenye ekari mbili na nusu, yalileta dola 23.44, na vibarua vya upimaji ardhi na useremala dola 13.34. Akawa amepungukiwa dola 25 na senti 21 na robo tatu, karibu sawa na nyumba aliyobaki nayo. Ukiondoa nyumba, maisha yamejilipa. Na kwa uzoefu wa zaidi ya miaka mitano akasema kwamba wiki sita za kazi kwa mwaka zinamtosha gharama zote.

Wiki sita! Nani asingezitaka? Ila ukimkagua Thoreau kama mkaguzi wa mahesabu anavyokagua chama cha ushirika, unachokitafuta si alichokiandika. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson, naye hakuilipia kodi. Ilikuwa umbali wa kutembea hadi mjini, kwa hiyo nauli ilikuwa sifuri. Hakuwa na mke wala mtoto. Karani wetu akipewa na rafiki chumba cha bure Ilala, naye atapata siku nyingi za kukaa kando ya bwawa, kama akilipata bwawa. Simpunguzii Thoreau heshima kwa hilo. Orodha yake inaonyesha vizuri kabisa, pengine kuliko alivyokusudia, kwamba aliyewekewa ardhi karibu na soko amekwisha kupewa sehemu kubwa ya wiki zake.

Kuna mstari mwingine wenye tundu. Kufua na kushona nguo, anasema mwenyewe, kulifanyika nje ya nyumba yake, na bili yake ilikuwa bado haijafika. Haielekei iliwahi kufika. Kwao Concord, ambako familia ilikuwa ikitengeneza penseli, kulikuwa na mama na dada, na alikuwa akienda huko mara kwa mara kula.

Tundu hili linatokea mahali pale pale katika hesabu nyingine mashuhuri. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeishi na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alikadiria kwamba kutafuta chakula kuliwachukua kwa wastani chini ya saa mbili kwa siku. Marshall Sahlins akaitumia tarakimu hiyo, pamoja na ile ya Richard Lee kutoka kwa wawindaji wa Dobe nchini Botswana, kujenga hoja kwamba wawindaji ndio waliokuwa matajiri wa kwanza, matajiri wa muda. Hoja ni tamu na imesafiri mbali. Lakini Lee mwenyewe alipojumlisha kutengeneza zana, kupasua karanga, kupika, kuteka maji na kukusanya kuni, wiki ya watu wa Dobe ilizidi saa 40. Kutafuta chakula ni jambo moja, kukifikisha mdomoni ni jingine, na mara nyingi si mtu yule yule anayefanya yote mawili.

Lete jambo hilo jikoni kwetu. Kaya inayoamua kuishi kwa gharama ndogo inaacha kununua chapati na maharage ya jirani aliyekwisha kupika, inachemsha yenyewe. Kilo ya maharage makavu kwenye mkaa inaweza kula saa mbili na zaidi za mtu wa kuchochea na kuongeza maji. Kuteka maji kwa jirani badala ya kuvuta bomba, kufua kwa mkono, kutwanga, vyote vinapunguza shilingi na kuongeza saa. Mume akitangaza kwamba nyumba yao imebana matumizi na yeye sasa anapumzika Alhamisi, ni halali kuuliza mkewe Alhamisi yuko wapi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maisha mepesi maana yake ni kutonunua kitu. Sufuria ya umeme ya presha inaivisha maharage ndani ya saa moja bila mtu kuisimamia. Hata ikila nusu yuniti, kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1 anayelipa kama shilingi 360 kwa yuniti pamoja na kodi, hiyo ni 180. Kwa mteja wa D1 aliye chini ya yuniti 75 kwa mwezi ni kama 60. Tuseme sufuria yenyewe ni 150,000. Kama inamrudishia mpishi saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka ni saa 234. Kila saa imenunuliwa kwa 641 katika mwaka wa kwanza, na baada ya hapo karibu bure. Hakuna Alhamisi ya bei hiyo mjini.

*

Tukubali sasa kwamba karani amehama, amelipa deni la kausha damu, sufuria inachemka, na fedha za kufidia Alhamisi zimepatikana. Anakwenda kwa meneja kuomba siku nne. Hapo hesabu inagonga mwamba, kwa sababu mwajiri anauza kazi kwa jumla, hauzi rejareja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha juu: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, kwa malipo ya moja na nusu. Inampa likizo ya siku 28. Haimpi haki ya kudai mkataba wa siku nne. Uholanzi wana sheria ya hivyo tangu mwaka 2000: mfanyakazi anaweza kuomba apunguziwe saa, na mwajiri hawezi kukataa ila kwa sababu nzito za kibiashara. Si ajabu kwamba Waholanzi ni miongoni mwa watu wa Ulaya wenye wiki fupi zaidi za kazi.

Kuna waajiri waliowahi kuifungua jumla yao wenyewe. Desemba 1930, W. K. Kellogg, mtengeneza nafaka za kifungua kinywa huko Battle Creek, Michigan, aligeuza zamu tatu za saa nane kuwa zamu nne za saa sita, akapandisha malipo ya saa ili pengo lisiwe kubwa. Wafanyakazi waliifurahia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengi wakaanza kurudi kwenye saa nane, idara moja baada ya nyingine, kwa kutaka fedha zaidi. Idara za mwisho zenye saa sita, zilizokuwa na wanawake wengi, zilidumu hadi 1985. Miaka 55 si jaribio, ni umri wa mtu mzima.

Kwetu, wanaouza saa rejareja ni wale tunaosema hawana ajira: mwendesha bodaboda, fundi, muuza genge. Kwao gharama ikishuka, saa zinaweza kushuka siku hiyo hiyo. Mchukue mtu wa bodaboda anayeingiza 3,500 kwa saa na kuchoma mafuta ya 1,000. Zinabaki 2,500. Tajiri wake anataka hesabu ya 10,000 kwa siku. Maana yake saa nne za mwanzo si zake. Nyumbani zinahitajika 15,000, hizo ni saa sita zaidi. Anatoka kijiweni baada ya saa kumi, na siku ya mvua anazidisha.

Mbane matumizi uone. Akiacha soda ya 700, anarudi nyumbani dakika 17 mapema. Akimiliki pikipiki, hesabu ya 10,000 inakufa, inabaki 2,500 ya kuweka pembeni kwa bima, matairi na matengenezo. Kutoka saa kumi anashuka hadi saba. Pikipiki ikiwa milioni 3, na anaokoa 7,500 kwa siku kwa siku 26 za mwezi, imejilipa kwa miezi 15 na nusu. Ndiyo sababu vijana wanaikimbilia mikataba ya kulipa kidogo kidogo mpaka chombo kinakuwa chao, hata pale mkataba unapowaumiza. Wanajua, bila kuambiwa na mwandishi yeyote, kwamba saa zao ziko kwenye hesabu na si kwenye soda.

Swali ni kama kweli atarudi nyumbani baada ya saa saba. Wanauchumi wanne, akiwemo Richard Thaler, walichapisha mwaka 1997 utafiti wa madereva wa teksi wa New York wakidai kwamba wengi huweka lengo la siku na kuacha wakilifikia, hivyo siku zenye abiria wengi walimaliza mapema. Wengine, hasa Henry Farber, wakazipima data nyingine wakabisha. Kwa mtu wa boda wa Dar es Salaam nadhani lengo lipo na linaitwa hesabu, ila likishaondoka, nafasi yake hugombewa na ada, mgonjwa wa kijijini na kadi za michango. Saa tatu alizozikomboa zina wadai kabla hazijafika.

Wenye mishahara minono wana njia nyingine, ya mtaji. William Bengen aliandika mwaka 1994 kwamba mstaafu wa Marekani mwenye hisa na hatifungani angeweza kuchota asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kiasi hicho hicho kikiongezwa kwa mfumuko wa bei, na fedha zikadumu miaka 30. Geuza: unahitaji mara 25 ya matumizi ya mwaka. Kipimo hicho kilitokana na masoko ya Marekani na si ahadi kwa shilingi yetu, lakini kinaonyesha kitu kimoja waziwazi: kila 10,000 unayoifuta kwenye matumizi ya mwezi inapunguza milioni 3 kwenye mtaji unaohitajika. Pia kinaonyesha umbali. Karani anayetumia 400,000 angehitaji milioni 120. Akiweka 100,000 kila mwezi bila faida, ni miaka 100. Kwake hii si njia, na vitabu vinavyomwambia kwamba ni suala la nidhamu tu vinamkosea adabu.

Njia inayobaki kwa mtu wa kipato chake ni ile ya dola 28, yaani kuondoa kodi, na inamfaa zaidi yule ambaye kazi yake haidai awe mjini. Fundi cherehani anayelipa fremu 150,000 na chumba 80,000, na kuhitaji 400,000 za kuishi, lazima aingize 630,000. Kwa 2,500 ya saa, ni saa 252 kwa mwezi. Akijenga chumba na baraza ya kushonea kwenye kiwanja chake Chanika, anahitaji 400,000 na, tuseme, 20,000 za kwenda Kariakoo kufuata vitambaa: saa 168. Hata theluthi ya wateja wakimwacha kwa sababu ya umbali, hapungukiwi kitu. Karani akihamia huko huko, nauli na foleni vinakula kodi yote aliyoiokoa.

Kiwanja na ujenzi vikiwa milioni 9, ni sawa na kodi zake za miezi 39. Cha kukagua kabla ya bei ni kama eneo limepimwa na halina mgogoro, kwa sababu nyumba ikivunjwa, milioni 9 ni saa 3,600 za cherehani: kwa mwendo wa saa 168, zaidi ya miezi 21 ya kushona bila kula.